Mashini ya Gololi ya Bwana Hollis

Ukitaka kufungua tumbo la mashini ya gololi iliyokaa miaka ndani ya baa ya wazungu, usiwe umekula. Boaz alikuwa amekunywa chai na kiazi kitamu asubuhi ile ya Jumapili, na alipobandua mlango mdogo wa mbele harufu ikampiga usoni, kiazi kikapanda mpaka kooni. Bia iliyochacha. Vipande vya sigara. Mavi ya mende. Na matapishi, tusifichane, kwa sababu usiku wa jana watu wazima wenye mashamba ya kahawa walikuwa wametapika pale pale juu ya kioo, na mwenzao akafuta kwa kofia yake huku wenziwe wakimpigia makofi. Yaliyobaki yaliteremka ndani kupitia nyufa.

"Wewe naona nini?" aliuliza Bwana Hollis, meneja wa klabu, akiwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Uchafu, bwana."

"Mimi hapana uliza uchafu. Mimi nauliza waya. Wapi waya iko katwa?"

Boaz akaingiza kichwa ndani zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa umeme wa klabu ile, katikati ya Ruiru na Thika, kazi aliyojifunza jeshini. Alitunza jenereta, taa, feni na redio. Mashini ya gololi hakuwa ameigusa hata siku moja, kwa sababu haikuwa imewahi kuharibika. Ilikuwa mashini ya Kimarekani, kuukuu, ya kabla ya vita vya Hitla. Unatia shilingi, unavuta mti wa springi, gololi ya chuma inaruka juu na kuteremka ikigongagonga vigingi, na kila kigingi kikigongwa kengele inalia na namba zinapanda. Basi. Huo ndio mchezo. Watu wenye ekari elfu moja walipigana ngumi kwa ajili ya mchezo huo.

Usiku huo wa jana, Jumamosi, kulikuwa na dansi, na D.O., mzungu mkubwa wa serikali, alikuja na mkewe. Alitia shilingi. Taa zikawaka, gololi ikakimbia, ikagonga huku na huku, lakini kengele haikulia wala namba hazikupanda. Akatia nyingine. Ghafla likawaka lile neno jekundu la kumwambia mchezaji kwamba anaitikisa mashini kwa wizi, na D.O. wa watu alikuwa hata hajaigusa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Hollis akawa mwekundu kuliko lile neno. Akageuka, akanyosha kidole kwenye kaunta, akamwonyesha Macharia aliyekuwa akifuta glasi.

"Yule! Yule ndiye aliyeharibu! Mau Mau huyo!"

Macharia ndiye Mkikuyu peke yake aliyesalia kati ya watumishi. Pasbuku yake, kile kitabu cha ruhusa walichobebeshwa Wakikuyu, ilikuwa safi, muhuri juu ya muhuri. Hilo halikumsaidia. Tangu kidole kile kinyoshwe, alikuwa amefungiwa ndani ya stoo ya makaa, na Jumatatu asubuhi lori la polisi lingetoka Thika kuja kumchukua kwenda kuchujwa, kuhojiwa kama amekula kiapo cha Mau Mau. Kila mtu alijua maana ya kuchujwa. Wengine walirudi baada ya miaka wakiwa hawana meno. Wengine mpaka leo wake zao wanauliza.

Kilichobaki ni ushahidi tu. Na ushahidi, Bwana Hollis alikuwa amemwambia D.O. kwa mdomo wake mwenyewe, ungekuwa waya uliokatwa.

"Tafuta vizuri," akasema, akaenda zake kunywa kahawa penye hewa.

Boaz alianza pale fundi yeyote anapoanza, kwenye moto unakotoka. Transfoma ilikuwa ikinguruma vizuri. Fyuzi nzima. Akachukua globu yake ndogo ya kupimia, yenye nyaya mbili, akawa anagusa hapa na pale akifuata rangi za nyaya, manjano mpaka manjano, buluu mpaka buluu, mikono ikinata kwa bia. Globu iliwaka kila mahali ilipotakiwa kuwaka. Hakukuwa na waya uliokatwa. Akabonyeza kwa kidole koili inayovuta namba, nayo ikajibu, tak, namba ikapanda. Kumbe koili nazo zilikuwa nzima. Basi ugonjwa ulikuwa mahali pamoja tu: kwenye zile ndimi nyembamba za shaba, mbili mbili, ambazo gololi ikigonga kigingi hubanwa zikagusana ili umeme upite.

Akasogeza taa. Ndimi zilikuwa zinang'aa. Ndani ya ule uvundo wote, kila kitu kikiwa cheusi na chenye utelezi, ndimi za shaba ziling'aa kama pete ya bibi harusi. Lakini pale zinapogusana palikuwa na unga mweupe uliokauka, wenye ukijani kwa mbali. Nyingine zilikuwa zimepinda. Mbili zilizokuwa karibu na timazi, kile chuma kinachoning'inia ndani ili kumkamata anayeitikisa mashini, zilikuwa zimepinda mpaka zikagusana zenyewe, ndiyo maana lile neno jekundu liliwaka bila mtu kuitikisa.

Akakata kipande cha karatasi, akakipitisha katikati ya ndimi mbili, akakivuta. Kikatoka na unga. Akakinusa.

Lo! Harufu hiyo aliijua. Kali, ya kuingia puani kama mkojo wa ng'ombe wa jana. Ilikuwa kwenye mto anaolalia. Ilikuwa kwenye ugali anaosongewa. Ilikuwa harufu ya dawa ya kung'arishia shaba, na mtu aliyekuwa akisugua shaba zote za klabu ile, vitasa, mabomba na kengele ya kaunta, alikuwa Nafuna, mke wake.

Alichomoa kichwa nje ya mashini, akakaa sakafuni, akakikunja kile kipande cha karatasi na kukitia mfukoni.

*

Chumba chao kilikuwa nyuma ya jiko la klabu, cha mabati, kimoja kati ya safu ya vyumba vya watumishi. Ukuta wa kushoto ndio uliowatenga na Macharia na mkewe Wakonyo, ambaye wote walimwita Mama Ngendo. Boaz alipopita alimwona Wakonyo amekaa chini hatua chache kutoka kwenye stoo ya makaa, koti la mumewe mapajani. Askari Kimeu, aliyewekwa kulinda stoo, alikuwa amemfukuza mlangoni, akasogea kidogo; akamfukuza tena, akasogea kidogo. Hakulia. Alimwamkia tu Boaz.

"Habari ya kazi, Baba Nakhumicha? Umeona pale imeumia?"

"Bado naangalia, Mama Ngendo."

"Mungu akuonyeshe."

Boaz akaingia kwake na kufunga mlango. Nafuna alikuwa anachambua mboga, mtoto wao Nakhumicha amelala mgongoni.

"Ijumaa uliifungua ile mashini ya gololi?"

"Nikaifanya nini?"

"Mama Nakhumicha, nakuuliza. Uliifungua?"

"Si ilikuwa haina kufuli? Nilifungua." Akaendelea kuchambua. "Kwani hukumbuki Ijumaa ile nyingine? Memsahib si alitia kidole humo?"

Boaz alikumbuka. Nani angesahau? Kila Ijumaa memsahib, mke wa Bwana Hollis, alipita klabu nzima amezungusha hankachifu nyeupe kwenye kidole, akikiingiza mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuangalia: chini ya viti, nyuma ya redio, ndani ya tundu za ufunguo. Hankachifu ikitoka nyeusi, aliyesafisha mahali pale aliitwa, akatiwa ile hankachifu mdomoni, akasimama ameibana kwa meno mbele ya wapishi na maboi mpaka memsahib amalize mzunguko wake. Ijumaa ile nyingine ilikuwa zamu ya Nafuna, mwanamke mzima, mama wa mtu. Kisha akaambiwa aende akaifue.

"Nilisema safari hii hataipata nyeusi," Nafuna akasema. "Ule uchafu wa chini ulinishinda, unanata, nikasema nitauondoa Jumatatu kwa maji ya moto. Lakini vile vidude vya shaba nilivisugua kimoja kimoja. Dawa nyingi, kitambaa, mpaka nikajiona usoni. Na alipokuja akagusa hapo hapo, ikatoka nyeupe. Akaniambia *very good*. Hajawahi kuniambia."

"Ile dawa ikikauka inakuwa unga, Nafuna. Umeme haupiti kwenye unga. Na kitambaa kilivipinda."

Nafuna akaacha mboga. Hakuwa mjinga. Haikuchukua muda kabla hajageuka kutazama ukuta wa kushoto.

"Kwa hivyo Macharia..."

"Punguza sauti."

"Kwa hivyo Macharia amelala kwenye makaa kwa ajili ya mkono wangu mimi?"

"Nimesema punguza sauti!"

"Nakwenda kusema." Alikuwa ameshasimama. "Nakwenda kumwambia memsahib sasa hivi ni mimi."

"Halafu? Ukishasema? Umeiaibisha klabu mbele ya D.O., unafikiri utapewa chai? Tutatupwa nje leo leo, mimi na wewe na mtoto. Tutakwenda wapi? Kwa kaka yangu kule Bungoma tukakae jikoni kwake?"

"Nani alikata kitovu cha huyu mtoto?" Nafuna akauliza, akimpigapiga Nakhumicha mgongoni. "Niambie. Wewe ulikuwa Thika kufuata globu. Mvua inanyesha. Nani aliingia hapa na wembe na maji ya moto, akakaa nami mpaka kukacha, akanifulia na zile nguo ambazo hata mama yangu angezishika kwa kijiti?"

Boaz akasema, "Nitasema ni panya."

"Panya?"

"Nitasema panya walikula waya. Panya hafungwi. Hakuna atakayeumia, wewe wala Macharia."

Nafuna akaacha kumpigapiga mtoto. "Utasema hivyo hasa?"

"Nitasema hivyo hasa."

"Basi nenda, Baba Nakhumicha. Nenda useme panya." Akarudi kukaa, lakini mboga hakuzigusa tena.

*

"Panya?" akasema memsahib.

Aliitamka kama mtu aliyeambiwa mama yake ameonekana uchi sokoni. Alikuwa amekuja na mumewe baada ya chakula cha mchana, gauni la maua, harufu ya poda, na alisimama mbali na mashini iliyo wazi huku amefunika pua. Hankachifu ile ile.

"Ndiyo, memsahib. Panya wadogo. Wanaingia kwa nyuma."

"Kwa klabu yangu mimi? Hapana! Hapana iko panya hapa! Wewe nasema mimi nakalisha wageni na panya?"

"Sikusema hivyo, memsahib."

"Mke wa D.O. nakula hapa! George, anasema tuna panya!" akamgeukia mumewe.

Tazama mambo. Mtu kufungwa bila kosa hakukumtoa jasho. Panya ndiye aliyemtia kichefuchefu. Alikuwa tayari klabu yake iwe na Mau Mau kaunta nzima, mradi tu isisemwe ina panya. Boaz, kwa hofu, akafanya kosa ambalo alikuwa ameapa kutolifanya. Akatafuta neno laini zaidi.

"Ama labda si panya, memsahib. Labda ni ile dawa ya shaba, iliingia kidogo..."

Akanyamaza, lakini lilikuwa limetoka. Bwana Hollis hakuwa mwerevu sana ila hilo alilipata mara moja. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mashini, akainama, akanusa, akarudi. Akamwambia mkewe kitu kwa Kiingereza, taratibu, na memsahib akatoka bila kumtazama Boaz.

"Nani nasugua ndani?" akauliza Bwana Hollis.

Boaz akaanza kufuta bisibisi yake.

"Bibi yako," Bwana Hollis akajijibu mwenyewe.

"Bwana, memsahib alimwambia..."

"Memsahib hapana ambia kitu." Alivuta kiti, akakaa, akamwacha Boaz amesimama. Hakuwa na hasira tena. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alizungumza kama mtu anayepanga bei ya mbuzi. "Sikia mimi, fundi. D.O. nataka waya iko katwa. Mimi nasema kwa yeye, waya iko katwa. Kesho polisi nakuja, nataka ona waya. Sasa iko njia mbili. Moja, waya iko katwa. Mbili, bibi yako naharibu mali ya klabu, na wewe nasema uwongo ya panya, na nyinyi wote natoka leo, na mimi naandika kwa klabu yote hapana mtu nachukua wewe kazi. Nataka gani?"

"Bwana, Macharia hakufanya kitu. Wewe mwenyewe umenusa."

"Mimi najua." Alisema hivyo. Alisema kweli kweli, huku akitafuta kiberiti. "Gani?"

Koleo lilikuwa juu ya mashini, la Boaz mwenyewe, alilolinunua kwa Mhindi wa Thika. Bwana Hollis alilichukua, akamnyoshea upande wa mpini, kwa adabu, kama mtu anayekupa kisu mezani.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba alilikataa. Mtu angetaka kusoma hivyo. Lakini Boaz alilipokea, akaingiza mkono kwenye ule uchafu, na hata hapo, Mungu amsamehe, alikuwa bado fundi: hakukata ovyo. Alipapasa akachagua waya wa globu iliyoungua zamani, waya usio na kazi, ili mashini isipungukiwe na kitu. Akakata. Akakunja ncha zake nje kidogo, polisi asipate taabu kuziona.

"Mzuri," akasema Bwana Hollis. "Hiyo acha. Ingine tengeneza."

Akatengeneza. Mchana wote alikuwa amepiga magoti pale, kipande cha karatasi kilicholowa spiriti baada ya kipande, akifuta unga ambao mkewe aliupaka, ulimi kwa ulimi, akizinyosha zilizopinda kwa ncha ya bisibisi mpaka nafasi kati yake ikawa ya unene wa kucha. Mende walipita juu ya mkono wake na hakuwafukuza. Jioni, jua bado likiwapo juu ya mashamba ya kahawa, alifunga mlango mdogo na kuwasha.

Bwana Hollis akatia shilingi yake. Akavuta springi, akaachia. Gololi ikaruka. Kengele ikalia, ikalia, ikalia, namba zikapanda, na yule mtu mzima akaruka juu akipiga mapaja.

"Sasa wewe!" akasema. "Cheza! Moja, bure! Wewe fundi mzuri sana!"

"Hapana, bwana. Asante."

"Cheza!"

Boaz akacheza. Alivuta springi kwa mkono wenye matapishi ya watu na unga wa shaba, na gololi ikapita ikigonga kila kigingi, kengele zikilia mpaka nje, mpaka kwenye vyumba, mpaka kwenye stoo ya makaa. Bwana Hollis alimpiga begani. Alimwambia kuanzia kesho chumba cha Macharia kitakuwa wazi, na chenyewe kina dirisha.

*

Alisikia ngemi kabla hajafika uani. Ni Wakonyo aliyekuwa akizipiga, vile vigelegele vyao virefu vya furaha, na wapishi walikuwa wametoka jikoni kutazama. Boaz aliinamisha kichwa, akapita upande wa pili, akaingia chumbani kwake. Nafuna hakuwapo, alikuwa amekwenda bombani na mtoto. Alikaa kitandani. Mlango haukuwa umefungwa hata kidogo, na Wakonyo akaingia bila hodi, koti la mumewe begani na kibuyu cha uji mikononi.

"Nimeisikia! Baba Nakhumicha, nimeisikia ikilia! Ngai wakwa, Mungu wangu! Si basi imepona? Sasa watamweka wa nini, na kitu chao kimepona?"

Boaz alifungua mdomo.

"Usiseme kitu, umechoka. Huu nilimpikia yeye, yule Kimeu akakataa kumpa. Haidhuru, akitoka nitapika mwingine. Kunywa wewe kwanza. Mikono yako ndiyo iliyofanya."

"Nimeshiba, Mama Ngendo."

"Umeshiba nini, na hujala tangu asubuhi? Nilikuwa nakuona. Kunywa."

Alimshikia kibuyu mwenyewe, kama anayemnywesha mgonjwa. Uji ulikuwa wa mtama, umechachuka vizuri, bado una moto. Kuukataa kungekuwa kusema. Boaz akanywa. Akafikiri atakunywa kidogo, lakini yule mama aliendelea kukiinamisha huku akimwombea baraka, yeye na mtoto wake na watoto wa mtoto wake, naye akaendelea kumeza mpaka sauti ya hewa ikasikika ndani ya kibuyu. Na alikuwa na njaa. Hilo ndilo lililomchukiza nafsi yake kupita yote, kwamba ulikuwa mtamu.

"Asante, mama," akasema, kibuyu kitupu kimebaki mikononi mwake.

Nafuna alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Walikubali panya?" akauliza.

"Panya gani?" Wakonyo akacheka. "Mama Nakhumicha, hukusikia kengele? Njoo nikukumbatie!"

"Baba Nakhumicha, nakuuliza. Walikubali?"

Boaz alifuta mdomo kwa kiganja. "Kuna waya umekatwa," akasema.

"Asubuhi haukuwapo."

"Sasa upo."

"Umekatwa na nani?"

Wakonyo aliacha kucheka, ingawa uso ulikuwa bado haujajua kwa nini. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Boaz alikuwa anakodolea ndani ya kibuyu kitupu. Nafuna akatua ndoo, akamfungua mtoto mgongoni na kumlaza, akaja akakichukua kile kibuyu mikononi mwa mumewe na kukiweka chini mbali naye.

"Mama Ngendo," akasema, "keti."

"Siwezi kukaa, Nafuna. Nampelekea koti. Jioni ina baridi na pale atakapotoka..."

"Keti kwanza, dada yangu."

Boaz akainuka apite kwenda nje.

"Na wewe," Nafuna akasema, bila kugeuka. "Keti. Leo utasikia."

Alifunga mlango. Akapiga magoti mbele ya Wakonyo, akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyokuwa bado inanuka dawa, akaanza na kosa lake mwenyewe.